Namba Katika Karatasi ya Mtoto



Sasa unajua kusoma na kuhesabu. Zamani ulipotoka kliniki ulitafuta mtu wa kukusomea karatasi ya mtoto. Leo unaisoma mwenyewe. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini kusoma namba ni jambo moja, na kujua maana ya namba hiyo ni jambo jingine. Katika somo hili tutajifunza hilo jambo la pili.

Tazama namba hii: 12.

Tuseme watu watatu wa ukoo mmoja wamepimwa wekundu wa damu. Wa kwanza ni mtoto wa mwaka mmoja. Wa pili ni baba yake. Wa tatu ni mtoto mchanga wa shangazi, aliyezaliwa jana usiku. Wote watatu wamepata 12. Je, hali zao ni sawa?

Hapana. Mtoto wa mwaka mmoja ana damu ya kutosha. Baba ana upungufu wa damu, ingawa si mkubwa. Mtoto mchanga naye ana upungufu, na mganga atataka kujua sababu yake mapema.

Namba ni moja, lakini maana zake si moja. Mzazi asiyejua jambo hili anaweza kufanya makosa mawili. Anaweza kuogopa bure na kununua dawa zisizotakiwa. Au anaweza kutulia nyumbani wakati mtoto yuko hatarini. Kosa la pili linaweza kuondoa uhai wa mtoto.

1. KIWANGO CHA KAWAIDA NI NINI?

Sisi wa Kasulu na Kibondo ni wakulima wa maharage. Basi tuanze na maharage.

Nenda shambani wakati maharage yamekomaa. Chuma maganda 100 kutoka kwenye mashina mazuri, yasiyo na ugonjwa. Fungua ganda moja moja, uhesabu punje zake. Huenda utaona kwamba maganda mengi yana punje 4, 5 au 6. Machache yana punje 3 au 7. Moja au mawili yana punje 2 tu.

Sasa mtu akikuuliza, "Ganda la maharage haya lina punje ngapi?" huwezi kumjibu kwa namba moja. Utasema, "Kwa kawaida ni 4 mpaka 6." Hicho ndicho kiwango cha kawaida. Kina mwanzo na kina mwisho. Kila kilicho kati ya mwanzo na mwisho ni cha kawaida.

Na lile ganda lenye punje 2? Limetoka kwenye shina zima. Halina ugonjwa. Liko nje ya kiwango tu.

Waganga na wataalamu wa maabara hufanya kazi ya namna hiyo. Wanakusanya watoto wengi wenye afya, wa umri mmoja. Wanawapima. Wanaandika namba zote kwa mfuatano, kutoka ndogo mpaka kubwa. Kwa desturi wanaweka mipaka ili watoto 95 kati ya kila 100 wenye afya wawe ndani. Watoto 5 wanaobaki huwa nje ya mipaka, nao ni wazima.

Hapa tunajifunza mambo mawili. Kwanza, mtoto aliye nje kidogo ya kiwango si lazima awe mgonjwa. Pili, mtoto aliye ndani ya kiwango si lazima awe mzima. Karatasi inaweza kusema "kawaida" huku mtoto anaungua kwa homa.

Lakini angalia. Si namba zote zimewekwa kwa njia hiyo. Nyingine ziliwekwa kwa kuangalia ni wapi hatari inapoanza. Hizo ni kama alama inayowekwa kwenye mto kuonyesha kwamba maji yakifika hapo, hakuna kuvuka. Tutaziona namba hizo katika sehemu ya 4.

2. KIWANGO CHA NANI?

Maharage ya shamba moja hayafanani na ya shamba jingine. Basi ni lazima kuuliza: kiwango hiki kilipimwa kwa watoto gani?

Kati ya mwaka 1997 na 2003, Shirika la Afya Duniani lilipima ukuaji wa watoto zaidi ya 8,000 katika nchi 6. Nchi hizo ni Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa vizuri na kutunzwa vizuri. Matokeo yalitolewa mwaka 2006. Ilionekana kwamba watoto wadogo wa nchi hizo zote, wakilishwa na kutunzwa vizuri, hukua karibu sawa. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba watoto wa kwetu ni wadogo kwa asili. Mtoto wa Kasulu akinyonya vizuri, akila vizuri na asipougua mara kwa mara, atakua kama mtoto wa Norwei.

Lakini vipimo vya damu ni habari nyingine. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa mkoani Kilimanjaro. Wataalamu walipima damu za watoto wenye afya zaidi ya 600, kuanzia umri wa mwezi mmoja mpaka miaka 18. Waliona kwamba baadhi ya namba zao hazikulingana na namba za vitabu vya Marekani. Maana yake ni kwamba mtoto mzima wa Tanzania angeweza kuandikwa mgonjwa, kwa sababu tu amelinganishwa na watoto wa mbali.

Hata mahali unapokaa pana maana. Nchi ya Kasulu na Kibondo ni ya juu. Iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga. Mwili wa mtu hutengeneza damu zaidi kidogo ili upate hewa ya kutosha. Kwa sababu hiyo mpaka wa upungufu wa damu kwetu hupandishwa kidogo kuliko wa watu wa pwani.

3. MTOTO SI MTU MZIMA MDOGO

Sikiliza mfano huu. Mtoto alizaliwa hospitalini, akapimwa damu, ikawa 17. Alipokuwa na majuma 10 alipelekwa kuchanjwa. Akapimwa tena. Safari hii damu ilikuwa 10. Bibi yake alizitazama karatasi mbili, akashtuka.

"Shikamoo, bibi," nesi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nieleze. Mjukuu wangu alizaliwa na 17. Leo ana 10. Damu ya mtoto imekwenda wapi?"

"Ananyonya vizuri, bibi?"

"Anamchosha mama yake kwa kunyonya."

"Analala vizuri? Hana homa?"

"Hana."

Nesi alimtazama mtoto viganja vya mikono. Akampima uzito. Uzito ulikuwa umepanda vizuri. Akasema, "Bibi, damu haikupotea. Huyu ni mzima. Watoto wote hupita njia hii."

Nesi alisema kweli. Mtoto akiwa tumboni hapumui mwenyewe. Hewa anaipata kupitia kwa mama, nayo ni kidogo. Kwa hiyo mwili wake unahitaji damu nyingi, nyekundu sana. Akizaliwa anaanza kuvuta hewa mwenyewe, tena nyingi. Damu yote ile haihitajiki tena. Mwili wake unapunguza kutengeneza damu mpya kwa majuma kadhaa. Ile ya zamani inakwisha pole pole. Wekundu wa damu hushuka mpaka chini kabisa mtoto akiwa na miezi 2 au 3. Hapo 10 si ajabu. Kisha mwili unaanza kazi tena, na namba inapanda.

Bibi yule angekwenda moja kwa moja dukani angenunua dawa za kuongeza damu ambazo mtoto hakuzihitaji. Kuuliza kumemsaidia.

Lakini 10 hiyo hiyo kwa mtoto wa miaka 3 ni upungufu wa damu. Tazama mipaka iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2024. Mtu akiwa chini ya namba hizi, ana upungufu wa damu:

Mtoto wa miezi 6 mpaka 23: 10.5
Mtoto wa miaka 2 mpaka 4: 11
Mtoto wa miaka 5 mpaka 11: 11.5
Mtoto wa miaka 12 mpaka 14: 12
Mwanamke asiye na mimba: 12
Mwanamume: 13

Namba hizi ni za watu wanaokaa karibu na usawa wa bahari. Kwa nchi ya juu kama yetu huongezwa kiasi kinachokaribia 1. Vitabu vya zamani vinaonyesha 11 kwa watoto wote wa miezi 6 mpaka miaka 4. Usishangae ukiona tofauti hiyo.

Mtoto wa chini ya miaka 5 mwenye damu chini ya 7 ana upungufu mkali. Huyo asisubiri mpaka kesho. Apelekwe hospitali.

Kuna jambo la hatari hapa ambalo wazazi wengi hawalijui. Damu ikipungua pole pole, kwa malaria ya mara kwa mara, kwa minyoo au kwa chakula kibaya, mtoto huzoea. Anacheza kidogo, anakaa sana, anapumzika kila mara. Wazazi wanasema, "Huyu ni mpole." Kumbe damu imekwisha. Siku malaria nyingine inapompata, mwili hauna akiba. Kwa hiyo mtoto mpole kupita kiasi, mwenye viganja vyeupe, apelekwe kupimwa.

Mtoto wa zaidi ya miezi 6 anahitaji chakula chenye madini ya chuma pamoja na maziwa ya mama. Mpe dagaa waliosagwa, maharage yaliyopondwa, nyama ikipatikana, na sombe. Mpe na matunda. Usimpe chai pamoja na chakula, kwa sababu chai huzuia mwili kupata madini hayo.

Tuone mfano mwingine. Ndani ya damu kuna chembe nyeupe. Hizo ni askari wa mwili. Mtu mzima huwa na chembe nyeupe 4,000 mpaka 11,000 katika tone dogo kama kichwa cha pini. Mtoto aliyezaliwa leo anaweza kuwa na 20,000 au zaidi, naye ni mzima. Mtu mzima mwenye 20,000 mganga atamtafuta ugonjwa.

4. NAMBA UNAZOWEZA KUPIMA MWENYEWE

Si lazima uwe na maabara. Namba tatu zifuatazo zinaweza kupimwa kijijini. Hizi ndizo zile namba za kuonyesha mahali hatari inapoanza.

Joto la mwili. Weka kipimajoto kwapani mwa mtoto. Kawaida ni nyuzi 36.5 mpaka 37.5. Kuanzia 37.5 na kupanda, mganga huhesabu kuwa ni homa. Watu wengi huogopa joto kupanda tu. Lakini kwa mtoto mchanga kushuka kwa joto nako ni hatari. Akiwa chini ya 35.5 ni mgonjwa sana. Usiku wa Juni na Julai huku kwetu una baridi kali. Mtoto mchanga akipoa, mweke kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mfunike, kisha mwende zahanati.

Kupumua. Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala kunyonya. Tazama tumbo au kifua chake. Kila kikipanda, hesabu moja. Hesabu kwa dakika nzima, ukitumia saa au simu. Mtoto anapumua haraka kupita kawaida ikiwa:

Ana umri wa chini ya miezi 2, na anapumua mara 60 au zaidi.
Ana umri wa miezi 2 mpaka 11, na anapumua mara 50 au zaidi.
Ana umri wa mwaka 1 mpaka miaka 4, na anapumua mara 40 au zaidi.

Mtoto mchanga akifika 60, mhesabu mara ya pili. Ikiwa ni ile ile, mpeleke. Mtoto mwenye kikohozi na pumzi za haraka huenda ana homa ya mapafu.

Hapa tena tunaona umri unavyobadili maana. Pumzi 45 kwa mtoto wa mwezi mmoja ni za kawaida. Pumzi 45 kwa mtoto wa miaka 2 ni za haraka.

Mkono. Mtoa huduma ya afya ana utepe wa kupimia mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko. Hutumika kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5. Utepe una rangi tatu. Sentimeta 12.5 au zaidi ni kijani: mtoto yuko salama. Kutoka 11.5 mpaka chini ya 12.5 ni njano: amekonda, anahitaji msaada wa chakula na uangalizi. Chini ya 11.5 ni nyekundu: ana utapiamlo mkali, na anahitaji matibabu.

5. NAMBA MOJA NI KAMA HATUA MOJA

Ukiona unyayo mmoja njiani, huwezi kujua mtu ametoka wapi na anakwenda wapi. Ukiona nyayo nyingi, unajua. Kadi ya kliniki ni kama nyayo hizo.

Mtoto mwenye mimba iliyotimia kwa kawaida huzaliwa na kilo 2.5 mpaka 4. Katika siku za kwanza uzito hupungua kidogo. Usiogope. Kabla ya majuma 2 kwisha awe amerudi kwenye uzito wake wa kwanza. Akipungua kupita sehemu moja ya kumi ya uzito wake, aonwe na mganga. Akifika miezi 5 hivi, watoto wengi huwa na uzito mara mbili ya ule wa kuzaliwa. Akifika mwaka mmoja, mara tatu.

Sasa fikiri juu ya watoto wawili wa umri wa miezi 9. Wa kwanza ana kilo 7.5. Alizaliwa mdogo, na kila mwezi ameongezeka. Mstari wake kwenye kadi unapanda. Wa pili ana kilo 8.5. Lakini alikuwa na 8.5 mwezi uliopita, na 8.5 mwezi wa kabla yake. Mstari wake umelala. Yupi anahitaji kuangaliwa haraka?

Ni wa pili. Namba yake ni kubwa zaidi na iko ndani ya kiwango. Lakini ameacha kukua. Kuna kitu kinamzuia: ugonjwa, chakula, au shida nyumbani. Kadi inasema mapema, kabla macho hayajaona. Ndiyo maana tunaambiwa tumpeleke mtoto kliniki hata kama haumwi, na tusiipoteze kadi.

6. MAJIBU YA NDIYO NA HAPANA

Vipimo vingine havina kiwango. Jibu lake ni ndiyo au hapana. Kipimo cha malaria ni cha namna hiyo. Hakuna "malaria ya kawaida". Mkoa wa Kigoma una malaria nyingi, na watu wengine wamezoea kusema hivyo. Msiseme. Mtoto mwenye homa apimwe, na kama ana malaria apewe dawa na kuimaliza.

Lakini hata ndiyo na hapana zinahitaji kuelezwa. Kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kuonyesha ndiyo kwa majuma kadhaa baada ya mtoto kupona. Kwa hiyo mwambie mganga kama mtoto alitumia dawa ya malaria hivi karibuni.

Tuseme pia juu ya virusi vya UKIMWI. Mama mwenye virusi humpa mtoto kinga za mwili wake kupitia damu akiwa tumboni. Kipimo cha haraka kinatafuta kinga hizo. Hakitafuti virusi vyenyewe. Kwa hiyo mtoto wa chini ya miezi 18 anaweza kuonyesha ndiyo, kumbe hana virusi, bali ana kinga za mama tu. Mtoto huyo huchukuliwa matone ya damu kisiginoni, yanakaushwa kwenye karatasi maalumu, na kupelekwa maabara kubwa. Huko virusi vyenyewe hutafutwa. Kazi hiyo hufanywa akiwa na majuma 6 hivi. Akionekana hana, ataendelea kupimwa mpaka baada ya kuacha kunyonya. Wazazi wasikate tamaa kwa jibu la kwanza, na wasiache kurudi.

7. KARATASI YA MASHINE

Katika hospitali mashine hupima damu na kutoa karatasi yenye namba nyingi. Pembeni mwa namba utaona kiwango. Pengine utaona herufi H au L. Herufi H maana yake ni juu ya kiwango. Herufi L maana yake ni chini ya kiwango.

Herufi hizo huandikwa na mashine. Mashine haimwoni mtoto. Mara nyingine kiwango kilichowekwa ndani yake ni cha watu wazima. Hapo karatasi ya mtoto mzima inaweza kujaa herufi H na L. Usilie kabla ya kuuliza.

Tazama pia nukta na kipimo. Namba 12 na namba 1.2 si sawa. Wekundu wa damu huandikwa kwa gramu katika desilita, yaani katika sehemu moja ya kumi ya lita. Mashine nyingine huandika kwa lita nzima. Hapo 12 huwa 120. Damu ni ile ile. Chembe nyeupe nazo, mashine huandika 8 badala ya 8,000, kwa sababu inahesabu maelfu.

8. ULIZA

Mganga ana kazi nyingi, lakini kuuliza ni haki yako. Uliza kwa adabu na kwa kifupi. Chukua karatasi na kadi, useme:

"Samahani, mganga. Namba hii ni ya kipimo gani?"
"Kwa mtoto wa umri huu, kawaida ni ngapi mpaka ngapi?"
"Mara iliyopita ilikuwa ngapi? Imepanda au imeshuka?"
"Nifanye nini sasa, na nirudi lini?"

Andika majibu kwenye daftari lako. Sasa unajua kuandika. Weka karatasi zote za mtoto mahali pamoja, pakavu.

9. USINGOJE NAMBA

Kuna wakati wa kutafuta namba na kuna wakati wa kukimbia. Mpeleke mtoto mara moja, mchana au usiku, ukiona dalili hizi:

Hawezi kunyonya au kunywa.
Anatapika kila kitu.
Amepata degedege.
Amelegea sana, au haamki.
Anapumua kwa shida, na kifua kinabonyea chini ya mbavu.
Viganja vyake vimekuwa vyeupe sana.

Usiseme, "Juzi alipimwa akawa sawa." Kipimo cha juzi kinasema habari za juzi. Mtoto aliye mbele yako anasema habari za leo.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kiwango cha kawaida kina mwanzo na mwisho.
Umri wa mtoto hubadili maana ya namba.
Namba nyingi za mfululizo ni bora kuliko namba moja.
Mtazame mtoto kwanza, kisha tazama karatasi.
Usipoelewa, uliza. Usinunue dawa kwa sababu ya namba usiyoielewa.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kiwango: kipimo chenye mpaka wa chini na mpaka wa juu.
Maabara: mahali pa kupimia damu, choo na mkojo.
Wekundu wa damu: kipimo cha kuonyesha kama damu inatosha. Kwenye karatasi huandikwa Hb.
Utapiamlo: hali mbaya ya mwili kwa kukosa chakula bora.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini 12 ni nzuri kwa mtoto wa mwaka mmoja, lakini si nzuri kwa baba yake?
2. Bibi aliona damu ya mjukuu imeshuka kutoka 17 mpaka 10. Nesi aliangalia mambo gani kabla ya kusema mtoto ni mzima?
3. Mtoto wa miezi 8 anapumua mara 54 kwa dakika. Je, ni kawaida? Utafanya nini?
4. Katika kijiji chenu, watu husema nini juu ya mtoto mpole asiyependa kucheza? Je, hupelekwa kupimwa?
5. Je, akina baba wa hapa huzisoma kadi za kliniki za watoto wao? Tufanye nini ili wazisome?

KAZI YA KUFANYA

Kila mwanakisomo alete maganda 10 ya maharage darasani. Hesabuni punje za kila ganda, na mwandike namba zote ubaoni kwa mfuatano. Amueni pamoja: kiwango cha kawaida cha maharage yenu kinaanzia wapi na kinaishia wapi? Kisha kila mmoja alete kadi ya kliniki ya mtoto wa nyumbani kwake. Someni mstari wake. Je, unapanda, umelala, au unashuka? Mwenye kadi ambayo mstari wake umelala au unashuka aende kliniki juma hili.